Vijimea vya Kioo: Jinsi Milima ya Usambara Inavyoilisha Bahari

Mtoto wa Lushoto atumwapo maji mtoni, mama yake humwonya jambo moja kabla hajatoka mlangoni: "Angalia mawe, yana utelezi." Onyo hilo tumelisikia sote tuliokulia milimani, na wengi wetu tulilipuuza, tukarudi nyumbani na ndoo tupu na goti lililochubuka. Lakini ni wangapi kati yetu walioinama wakaukwangua utelezi ule kwa ukucha, wakauliza: Hiki ni kitu gani? Ni taka? Ni matope? Au ni kiumbe?

Ndugu msomaji, hicho ni kiumbe. Sehemu kubwa ya utando ule wa rangi ya kahawia uliogandama juu ya mawe ya mto ni vijimea vidogo mno, ambavyo jicho tupu haliwezi kukiona hata kimoja peke yake. Wataalamu huviita diatomu. Wako ndugu zao waishio katika maji matamu ya mito na maziwa, na wako ndugu zao waishio katika maji ya chumvi ya bahari. Hawa wa baharini ndio tunaotaka kuwazungumzia leo, kwani riziki ya watu wengi imefungamana nao, na watu hao hawajui.

Kijana mmoja wa huku kwetu Lushoto, mkulima wa kabichi, alipolisikia jambo hili alicheka akasema: "Mimi nalima mlimani. Bahari iko mbali, na hivyo vijimea viko mbali zaidi. Vinanihusu nini?" Swali lake ni la haki, wala si la kucheka. Siku ile ile alikuwa amebeba mfukoni fungu la dagaa wakavu waliotoka pwani ya Tanga, aliowanunua sokoni kwa ajili ya chakula cha usiku. Jibu la swali lake lilikuwa mfukoni mwake.

NYUMBA YA KIOO

Kwanza tuvifahamu viumbe vyenyewe. Kila diatomu ni chembe hai moja tu. Haina mizizi, haina majani, haina maua. Lakini ndani yake imo rangi ile ya kijani iliyochanganyika na rangi ya hudhurungi, ambayo kwayo huinasa nuru ya jua ikajifanyia chakula, kama ufanyavyo mhindi shambani. Diatomu hamsini za ukubwa wa wastani zikipangwa safu moja, urefu wake ni kiasi cha milimita moja.

Ajabu yake ni nyumba yake. Diatomu hujijengea ganda la kioo. Hatusemi kioo kwa mfano; ganda lile limefanywa kwa silika, yaani madini yale yale yaliyomo katika mchanga mweupe na katika vioo vya madirisha yetu. (Msomaji asichanganye silika hii na silika ya mtu, yaani tabia aliyozaliwa nayo, ni maneno mawili yaliyofanana sauti.) Ganda hilo lina vipande viwili, kimoja kikubwa kidogo kuliko mwenziwe, nacho humfunika mwenziwe kama kifuniko cha kijaluba. Juu ya ganda mna vitundu vilivyopangwa safu kwa safu kwa usawa ambao seremala hodari angeuonea wivu. Wengine wana umbo la duara, wengine la mtumbwi, wengine la pembetatu, na wengine hushikana mikono wakafanya mnyororo.

Diatomu ikitaka kuzaana hujigawa. Vipande viwili vya kijaluba huachana, na kila kimoja hujitengenezea mwenziwe mpya wa kuingia ndani yake. Kwa hiyo yule aliyerithi kipande kidogo huwa mdogo kuliko mzazi wake, na mtoto wake huwa mdogo zaidi, na hivyo hivyo kizazi baada ya kizazi. Hata wafikapo kikomo cha udogo, huungana dume na jike, na chembe izaliwayo hulitupa ganda la zamani, ikakua na kujenga ganda jipya la ukubwa wa asili. Hali ikiwa njema, diatomu huweza kujigawa mara moja kwa siku au hata zaidi. Fanya hesabu mwenyewe, kijana usomaye: anza na moja, uongeze maradufu kila siku, uone baada ya mwezi mmoja utapata ngapi.

Zaidi ya aina 10,000 zimekwisha kupewa majina, na zilizosalia hazina idadi ijulikanayo. Nazo zote pamoja hufanya kazi kubwa mno: wataalamu wakadiria kwamba kiasi cha sehemu moja katika tano za oksijeni itengenezwayo na mimea yote ya dunia, ya nchi kavu na ya majini, hutengenezwa na diatomu. Basi katika kila pumzi tano uvutazo, unaweza kusema kwamba moja yatokana na viumbe usivyoviona. Subhana Allah.

Zifapo, magamba yao ya kioo hushuka chini taratibu na kulimbikana. Asafiriye kwa gari kutoka Naivasha kwenda Nakuru, nchini Kenya, hupita karibu na Kariandusi, kando ya ziwa Elmenteita, ambako huchimbwa udongo mweupe mwepesi kama unga. Udongo ule wote ni magamba ya diatomu walioishi katika ziwa la kale. Hutumika kuchujia vitu vya majimaji na kuzuia joto. Na mwaka 1867 Alfred Nobel wa Sweden aliuchanganya udongo wa namna hiyo na mafuta ya kulipuka, akapata baruti iitwayo dainamaiti. Ndivyo ilivyo: maganda ya vijimea visivyoonekana yalisaidia kupasua majabali.

MAMBO MATANO YAZITAKIAYO UHAI

Sasa twende kwenye jambo lenyewe. Diatomu hazipatikani kila mahali kwa wingi ulio sawa, wala kila mwezi kwa wingi ulio sawa. Ziko siku ambapo lita moja ya maji ya bahari huwa na maelfu kwa maelfu, na ziko siku ambapo huwa chache mno. Kipunguzacho na kiongezacho ni hali ya mazingira, na mambo makubwa ni matano.

La kwanza ni nuru. Pasipo jua hapana diatomu. Katika bahari kuu yenye maji maangavu nuru hufika kina cha mita mia moja hivi. Katika maji ya matope haifiki hata mita chache. 

La pili ni lishe. Kama mkulima ahitajivyo mbolea, nazo zahitaji naitrojeni, fosforasi na chembe za chuma. Lakini diatomu zina haja moja zaidi ambayo vijimea vingine vya bahari havinayo: zahitaji silika iliyoyeyuka majini, kwa ajili ya nyumba zao. Silika ikiisha, hazijengi. Na zisipojenga, hazizai, hata kama vyote vingine vipo tele.

La tatu ni msukosuko wa maji. Ganda la kioo ni zito, kwa hiyo diatomu huelekea kuzama. Bahari ikitulia sana hushuka gizani zikafa. Upepo unapoyavuruga maji huzirudisha juu penye nuru, na papo hapo huipandisha lishe iliyolala chini.

La nne ni chumvi. Aina ya mtoni haiwezi kuishi baharini, na ya bahari kuu haipendi maji ya mdomo wa mto, ambapo chumvi hupanda na kushuka kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Zipo zilizoumbwa kwa ajili ya hapo katikati, penye mikoko.

La tano ni joto. Baadhi yao hupenda maji ya baridi na baadhi maji ya moto. Lakini madhara makubwa ya joto hupita njia nyingine. Maji ya juu yakipata joto sana huwa mepesi, yakaelea juu ya maji ya baridi kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Hapo lishe iliyo chini haipandi, na walio juu hukaa na njaa.

KUSI NA KASKAZI

Mabaharia wetu wameijua kalenda ya pepo hizi tangu karne nyingi. Walichokuwa hawakukijua ni kwamba kalenda ile ile ndiyo inayowatawala vijimea hivi.

Pwani yetu hupitiwa na mkondo wa bahari uendao kaskazini mwaka mzima. Maji ya mkondo huo hutoka katikati ya Bahari ya Hindi. Ni ya buluu, maangavu, yapendezayo kutazama, lakini ni maskini wa lishe. Uzuri wa buluu ya bahari, ndugu msomaji, mara nyingi ni dalili ya ufukara wake. Bahari tajiri ina rangi ya kijani.

Wakati wa kaskazi, kiasi cha Novemba hadi Machi, upepo huwa mpole na jua kali. Maji ya juu hupata joto hata nyuzi 29 au 30. Bahari hukaa kwa matabaka, na naitrojeni huwa haba. Hapo hustawi kijimea kingine chembamba kama uzi, kiwezacho kuichukua naitrojeni moja kwa moja kutoka hewani. Wavuvi hukiona kikielea juu kama unga wa mbao uliotawanywa na seremala. Diatomu nyingi hupata shida wakati huo, lakini yako baadhi yao yaliyojipatia ujirani mwema: katika bahari za joto ziko diatomu ambazo ndani ya nyumba yao ya kioo huwakaribisha wapangaji wadogo wawezao kuinasa naitrojeni ya hewa, nao hulipa kodi kwa kumpa mwenye nyumba sehemu ya naitrojeni hiyo.

Kusi ikiingia, mambo hugeuka. Upepo huvuma kwa nguvu, mawimbi huyavuruga maji, na joto hushuka hata kufikia nyuzi 25 au 26 mnamo Agosti na Septemba. Satelaiti zinazopima rangi ya bahari kutoka juu zimeonyesha kwamba kijani cha maji ya pwani yetu huzidi katikati ya kusi, kiasi cha mwezi wa Julai. Katika mkondo wa Pemba, ambao kina chake hufika mita 800 hivi, maji ya chini ni mengi, nayo yakipandishwa juu huleta neema. Kaskazini zaidi, katika pwani ya Somalia, kusi huyasukuma maji ya juu mbali na nchi, na mahali pake hupanda maji ya baridi kutoka vilindini yenye lishe nyingi. Huko diatomu hustawi kwa wingi mkubwa mno.

Mambo haya si ya kubuni. Uchunguzi wa maji ya Afrika ya Mashariki ulifanywa na kituo cha uvuvi wa bahari kilichokuwa Unguja, na taarifa yake juu ya mikondo na joto la maji ilichapishwa mwaka 1957. Baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliiendeleza kazi hiyo, nacho kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Unguja.

Na zilizapo diatomu, hufuata mengine. Wadudu wadogo wa majini huzila. Dagaa huwala wadudu hao. Vibua na jodari huwala dagaa. Nasi tunawala wote. Wavuvi wa Tanga, Pangani na Kipumbwi watokao usiku wa giza na taa zao kuwatafuta dagaa, kwa kweli wanavuna shamba ambalo hawakulipanda wala hawajapata kuliona.

SILIKA YATOKA WAPI?

Sasa tumjibu kijana wetu wa Lushoto. Naitrojeni yaweza kupanda kutoka vilindini, na nyingine yaweza kunaswa hewani. Lakini silika ya baharini asili yake ni nini? Sehemu kubwa kuliko zote huletwa na mito. Na mito huitoa wapi? Huitoa milimani, katika mawe.

Milima ya Usambara imejengwa kwa mawe magumu ya kale, yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, na mawe hayo yamejaa silika. Mvua ishukapo huichukua hewa ya ukaa, na ipenyapo katika udongo wa msituni huichukua zaidi, kwa sababu mizizi na majani yaozayo huitoa kwa wingi. Maji hayo huwa na ukali kidogo sana, kama wa ndimu iliyokamuliwa tone moja katika pipa. Lakini yakipita juu ya jiwe kwa karne na karne, huliyeyusha taratibu, na silika hutoka ikafuata maji mpaka chemchemi, na kutoka chemchemi mpaka mtoni.

Mimea nayo hushiriki. Aliyepata kukatwa kidole na jani la muwa au la muhindi, basi amekatwa na silika ile ile. Majani ya jamii hii huifyonza kutoka udongoni na kuitia makalini mwao. Na mti wa msasa, ambao majani yake wazee wetu waliyatumia kusugulia mbao kabla karatasi za dukani hazijaja, ukali wa majani yake watokana na madini hayo hayo. Majani hayo yaozapo, silika hurudi udongoni, ikasafiri tena.

Tazama sasa mito yenyewe. Kutoka msitu wa Shagayu, upande wa Mlalo, huanza mto Umba. Hushuka nyikani na kuingia baharini karibu na Vanga, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Kenya, penye mikoko. Kutoka Usambara ya Mashariki, katika misitu ya Amani ambako hunyesha kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, hushuka mto Sigi, ambao wengine huuita Zigi. Hupita bwawa la Mabayani linalowanywesha watu wa mji wa Tanga, kisha huingia baharini. Na maji ya Lushoto na Soni, pamoja na ya bonde la Lwengera litenganishalo Usambara mbili, huteremka hata kuingia katika mto Pangani.

Huu wa Pangani una habari ya pekee. Maji yake ya mbali hutoka Kilimanjaro na Meru, lakini tangu miaka ya 1960 maji hayo huzuiwa kwanza katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Na bwawa lolote lina tabia moja: diatomu za maji matamu hustawi ndani yake, huitumia silika, hufa na kuzama nayo. Jambo hili lilionekana wazi katika mto Danube wa Ulaya. Baada ya bwawa kubwa kujengwa huko, silika iliyofika Bahari Nyeusi ilipungua sana, na diatomu zikawapisha vijimea vya namna nyingine. Sasa angalia: mto Mkomazi na mto Lwengera, iletayo maji ya Usambara, hujiunga na Pangani chini ya Nyumba ya Mungu, si juu yake. Maana yake ni kwamba maji yetu ya Usambara huifikia pwani bila kupita katika bwawa lile. Dhamana yetu ni kubwa kuliko tulivyodhani.

Wazee wetu walijua kwamba mlima na pwani ni nchi moja. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Washambaa aliyefariki mwaka 1862, alikaa Vuga juu mlimani, na amri yake ilitambuliwa hata kwenye miji ya pwani. Biashara na undugu vilipanda na kushuka. Hatukujua tu kwamba na mawe nayo yalikuwa yakishuka, yameyeyuka, yakaenda kujenga nyumba za kioo baharini.

UDONGO SI LISHE

Hapa baadhi ya watu watasema: "Kama ni hivyo, mmomonyoko ni baraka! Udongo mwingi ukienda baharini, silika itazidi." La, sivyo. Yafaa tulieleze jambo hili vizuri, kwa sababu ndipo penye kosa.

Silika wanayoitumia diatomu ni ile iliyokwisha kuyeyuka. Tope si silika iliyoyeyuka; ni vumbi la jiwe ambalo bado limefungika, na mchanga waweza kukaa majini miaka elfu bila kuyeyuka. Mvua kubwa ikipiga kilima kilichofyekwa, maji hayapati nafasi ya kupenya ardhini yakaliyeyusha jiwe. Hutiririka juu kwa juu, hubeba udongo, na baada ya siku mbili mto umekuwa mwekundu kama damu. Tope lile lifikapo pwani huizuia nuru, ambayo ndiyo haja ya kwanza ya diatomu, na huyafunika matumbawe na majani ya bahari ambamo samaki huzaa. Kisha kiangazi kikija mto hukauka, kwa kuwa chemchemi haikuwekewa akiba. Bahari hupata shibe ya tope siku mbili, na njaa ya silika miezi mitatu.

Msitu hufanya kinyume chake. Huipokea mvua kwa majani, huishusha pole pole, huinywesha ardhi, na kuitoa maji maangavu mwaka mzima. Maji maangavu ya chemchemi, ambayo kwa macho hayana kitu, ndiyo yabebayo silika.

Jambo la pili ni mbolea. Sisi watu wa Lushoto tunalima mboga nyingi: kabichi, nyanya, karoti, viazi. Tunawalisha watu wa Tanga na Dar es Salaam, na hiyo ni kazi ya heshima. Lakini mbolea ya dukani ikitiwa kupita kiasi, au ikitiwa jioni na mvua ikanyesha usiku, nusu ya fedha ya mkulima huenda mtoni. Mbolea hiyo ina naitrojeni na fosforasi, silika haimo. Basi mahali ambapo mbolea huzidi na silika haizidi, mizani huharibika. Diatomu hukwama kwa kukosa vifaa vya kujengea, na vijimea vingine visivyohitaji kioo huipata karamu yote. Miongoni mwa hivyo wamo baadhi wenye sumu iwezayo kuwaua samaki au kuwadhuru watu walao chaza na kome. Pwani nyingi za dunia zimepata msiba huo.

Na jambo la tatu latuhusu sote. Bahari ya Hindi inaongezeka joto, na upande wetu wa magharibi ni miongoni mwa sehemu zilizoongezeka kwa haraka. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba katika miaka sitini hivi vijimea vya upande huu vilipungua, mahali pengine kufikia asilimia 20. Sababu ni ile tuliyoitaja: maji ya juu hupata joto na kuelea, na lishe ya chini haipandi. Mkulima wa Lushoto hawezi kuipoza bahari. Lakini kiumbe aliyekwisha kupata dhiki upande mmoja, si insafu kumwongezea nyingine upande wa pili.

FUNZO LA MATUTA

Si mara ya kwanza sisi kuambiwa tuuhifadhi udongo. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa Mlalo, watu wakaamriwa kulima kwa matuta kwenye vilima vyao. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya. Lakini kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuongezeka kama walivyoahidiwa, na asiyetii aliadhibiwa. Watu wakachukia, wakaukataa, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha mpango ukaachwa. Wengine waliyabomoa matuta kwa mikono yao. Jema likiletwa kwa fimbo, watu huitupa fimbo pamoja na jema.

Mwaka 1981 ulianza mpango mwingine wa kuhifadhi udongo katika wilaya ya Lushoto, kwa msaada wa Wajerumani. Safari hii wakulima walionyeshwa kupanda mistari ya majani ya guatemala kwa kukingama mteremko. Majani yale huuzuia udongo, na papo hapo ni chakula cha ng'ombe. Mkulima aliyeona faida ndani ya zizi lake hakuhitaji askari wa kumsimamia. Na katika mabonde ya Usambara ya Mashariki wakulima wenyewe wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, wa kuyahifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, ili watu wa Tanga wapate maji safi. Huo ndio ujirani: wa juu humfikiri wa chini.

YATUPASAYO

Basi wazazi na vijana, tufanye nini? Hatuwaambii watu waache kulima. Twasema haya: tusilime mpaka kwenye ukingo wa mto, tuuachie ukanda wa majani na miti, tuiruhusu misasa na mikuyu isimame. Tukinge mteremko kwa mistari ya majani. Mbolea tuitie kwa kipimo, karibu na shina, na siku isiyo na dalili ya mvua kubwa. Samadi tuitumie kwanza, ya dukani iwe ya kujalizia. Na mikopo ya chupa za dawa ya wadudu isioshwe mtoni kabisa, wala chupa zenyewe zisitupwe humo.

Na ninyi vijana, msikubali maneno yetu bure, jaribuni wenyewe. Chukueni chupa mbili za kioo zilizo safi. Siku ya mvua, moja ijazeni kutoka kijito kitokacho msituni, na ya pili kutoka kijito kipitacho mashambani. Zisimamisheni dirishani usiku kucha, na asubuhi baada ya sala mpime kwa rula unene wa tope lililotua chini. Andikeni tarehe na kipimo katika daftari. Fanyeni hivyo masika na vuli, mwaka hadi mwaka. Kisha tazameni mawe ya vijito hivyo: penye maji mazuri mtaona utando mwembamba wa kahawia, nazo ndizo diatomu. Mkiona nyuzi ndefu za kijani zimetanda kama nywele, mara nyingi ni dalili kwamba mbolea imezidi. Shule yenye hadubini itawaonyesha na umbo lao, nanyi hamtausahau uzuri huo maisha yenu.

Kijana wetu mkulima wa kabichi alipoelezwa haya alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali la pili, ambalo lilitupendeza kuliko la kwanza: "Basi shamba langu la chini, lile lililo ukingoni mwa kijito, nirudi nyuma hatua ngapi?" Tulimwambia aanze na hatua kumi, akiweza azidishe. Shamba lenyewe ni dogo, na hatua kumi kwake ni magunia kadhaa ya kabichi; hatusemi kuwa ni jambo jepesi. Alisema atakwenda kushauriana na baba yake, kwa kuwa shamba ni la baba.

Mola awajaalie wafikiane kwa wema, na atujaalie sote kuwa wenye kuzitunza neema tuzionazo na zile tusizoziona.